Chumba cha Fromaji Kilipopakwa Chokaa

Chumba kile nilikuwa nimekihamia zamani, kabla hakijapewa mtu. Nasema nilikihamia kwa sababu sijui neno lingine. Kila nilipopita mbele yake na ndoo ya maziwa niliingia kwa kichwa tu, miguu ikabaki njiani. Niliweka kioo kikubwa kule pembeni. Niliweka benchi chini ya dirisha. Nilitundika nyuzi na meshi, zile nywele za bandia, za kila rangi kwenye misumari, halafu nikasimama katikati nikingoja mteja wa kwanza. Hapo Mama alikuwa anapiga kelele kutoka jikoni: "We! Maziwa itachacha ukiwa unaota!" Nami nilitoka, nikafunga mlango ambao sikuwa na ufunguo wake.

Kwetu ni upande wa Masisi, juu, kwenye vilima ambako ng'ombe wanaonekana kama mtu amewabandika kwa gundi wasianguke. Chumba chenyewe ni cha mbao, kimeegemea nyumba kubwa kama mtoto aliyechoka. Humo Mama alikuwa anatengeneza fromaji, zile jibini za duara, za manjano, ambazo watu wa mjini wanazijua kuliko wanavyotujua sisi. Nilikulia mle ndani. Nilijifunza kusimama kwa kushika rafu za fromaji. Baadaye ng'ombe walipungua, maziwa yaliyobaki yakawa yanachukuliwa mabichi asubuhi na vijana wa pikipiki, na kazi ya fromaji ikafa polepole. Chumba kikabaki na majembe yaliyovunjika, magunia, na kuku mmoja aliyetaga humo bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Mimi nasuka nywele. Shuleni nilifika mwaka wa pili wa sekondari, nikakaa nyumbani, lakini vidole vyangu havikukaa. Nasukia chini ya upenu wa jikoni, na wasichana wanakuja hata kutoka ng'ambo ya bonde. Moshi unawaingia machoni, mbuzi wanapita katikati yetu, na Papa naye akipita hakosi neno: "Leo munalima shamba gani hapo juu ya kichwa?" Nilitaka chumba. Nilitaka msichana akitoka kwao aseme anaenda kwangu, asiseme anaenda kule nyuma ya jikoni ya watu. Hicho tu ndicho nilikitaka. Lakini sikumwambia mtu yeyote. Ndoto nikiisema naona inapungua, kama kikombe cha maziwa kinachoonjwa na kila anayepita.

Kisha kaka yangu akaoa.

Kaka ni mtu wa pikipiki. Anapeleka viazi na maharagi huko Pinga, upande wa Walikale, na anarudi na mafuta ya mawese. Safari moja alirudi na mafuta pamoja na habari za msichana. Mambo ya wazee yakafanyika, mbuzi wakaenda, kanisa likaimba, na siku moja mchana bibi-arusi akafika kwetu akiwa na matope mpaka kwenye nyusi, anacheka. Nyuma yake ilikuja pikipiki ya pili. Juu yake kulikuwa na kitu kimefungwa ndani ya godoro kwa kamba za mpira. Mama alishika kifua.

"Nani huyo anaumwa?"

"Haiko muntu, Mama," kaka akasema. "Iko mashini yake ya kushona."

Kwetu bibi-arusi hapewi kazi nzito siku za kwanza. Anakaa, analishwa, watu wanakuja kumtazama. Nilijua hivyo, na kwenye nyumba za wengine nilikuwa naona ni kitu kizuri sana. Kukiona nyumbani kwenu ni habari nyingine. Kikombe changu chenye maua kilienda kwake. Kiti cha karibu na moto kilienda kwake. Alipopewa mashanza, yale maziwa yetu ya mgando, alikunja uso kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Mimi ningekunja uso hivyo mbele ya maziwa Mama angenifukuza mpaka nikafike Ntoto, kule mbali msituni, kwa miguu. Yeye walimchekea.

"Mutoto wa mawese," Mama akasema kwa sauti ya kubembeleza. "Muache, atazoea." Akamchemshia chai.

Nilimwonea wivu hata ule uso wake uliokunjwa.

Jioni moja tulikuwa tunakula bugali na maharagi, Papa akafuta mdomo akasema:

"Ile chumba ya fromaji tuitoe uchafu, tuipake rangi. Mashini ya mukwe wangu haiwezi kulala chini ya meza kama mbwa. Ashonee mule."

"Na nani atapaka?" kaka akauliza. "Mi kesho naenda Pinga."

Papa akanionyesha kwa kijiko. "Huyu. Mbao za mule anazijua zote, moja moja."

Alisema kama sifa. Nikaendelea kutafuna tonge ambalo lilikuwa limekwisha zamani. Wifi yangu aliniangalia akatabasamu, meno yote, akasema, "Aksanti, Dada." Nikasema haina neno. Ilikuwa na neno. Ilikuwa na maneno mengi.

Kabla ya kuondoka kaka aliniachia kopo la rangi ya mafuta. Nilipolifungua nilitaka kulia, maana ilikuwa bluu. Kichwani mwangu chumba kile kilikuwa bluu tangu siku ya kwanza, na hakuna mtu niliyekuwa nimemwambia. Sasa bluu yangu nayo ilikuwa inaenda kwa mwingine, na mimi ndiye niliyepewa brosi ya kuipeleka.

Nilianza na ubao wa karibu na dirisha. Wifi alikaa kwenye kiti mlangoni, amevaa viatu vyake vya harusi, kwa sababu ya ule ubibi-arusi. Rangi ilikaa kwenye ubao kidogo, ni kama ilifikiri, halafu ikaanza kushuka. Ilijikusanya matone matone, kama maji juu ya jani la mgomba, ikaenda kulala chini. Nilipaka tena, ikashuka tena. Mbao zile zilikuwa zimekunywa mafuta ya maziwa miaka na miaka, na maji ya chumvi ya kuoshea fromaji, na moshi wa jikoni juu yake. Hazikuwa na nafasi ya kitu kingine.

"Labda haikutikiswa vizuri," wifi akasema kwa upole.

"Nilitikisa."

"Labda ubao iko na baridi."

"Labda," nikasema, na nikapaka kwa nguvu mpaka nikajirushia jichoni.

Asubuhi ukuta ulikuwa bado mbichi, na paka wetu alikuwa na mkia wa bluu. Papa alimwangalia paka akipita uwanjani, akasema, "Huyu naye amejiandikisha polisi, sare amekwisha pewa." Watu wote wakacheka, na wifi zaidi ya wote. Mimi nilikwenda kuchota majivu.

Kwa mafuta ya namna ile hakuna dawa nyingine: majivu, mchanga, maji ya moto, na mkono. Nilisugua peke yangu mpaka jua likapanda. Mama alikuwa ameenda sokoni. Wifi alikuwa pale pale mlangoni, anahamisha miguu yake huku na huku, kisha akasimama ghafla, akavua vile viatu, akafunga kitenge juu ya magoti.

"Dada, leta ile brosi."

"Mama atanigombeza."

"Mama haiko. Na mi nimechoka kukaa. Kule kwetu muntu akikaa hivi banauliza anaumwa nini."

Akaanza kusugua. Ana mikono ya mtu aliyetwanga muhogo tangu utoto. Ubao ulikuwa unalia chini yake. Pale nilipokuwa nimetoa uchafu wa unene wa karatasi, yeye alitoa mpaka mti ukaonyesha mishipa yake. Niliionea wivu mikono ile, niseme nini tena. Maji yalikuwa yanashuka ya manjano, na harufu ya fromaji zote zilizowahi kuondoka mle ndani ikarudi kwa pamoja. Mimi niliinua pua. Ile harufu ilikuwa ya Mama akiwa na nguvu zake, amenishika viganja vyangu vidogo ndani ya vyake, ananifundisha kubonyeza bila kupasua. Wifi naye aliziba pua kwa kitenge.

"Mungu wangu! Hii ukuta imevaa soksi!"

Nilicheka. Ilitoka yenyewe kabla sijaizuia, na baadaye nilikikasirikia kicheko changu kama mtoto aliyeenda kucheza kwa majirani bila kuaga.

Mama aliporudi akamkuta bibi-arusi amelowa mpaka kiunoni, alinigombeza mimi.

Hata baada ya kusuguliwa, zile mbao zilikataa rangi ya mafuta. Zilikauka mchana, usiku ukungu ukizipanda zinatoa jasho. Papa akaamua tuachane na bluu, akaleta chokaa. Alituachia gunia akashuka kuwapelekea vijana wa pikipiki madumu ya maziwa. Sisi watatu, Mama na wifi na mimi, tukabaki tunalizunguka.

"Kwetu," wifi akasema, "chokaa hawapake hivi hivi. Banatia chumvi. Njo inashika. Papa yangu alipaka kanisa yetu na chumvi, mpaka leo ukiipangusa haikuachie kitu mu mukono."

"Chumvi mingi?" Mama akauliza.

"Ya kutosha."

Mama alienda akarudi na bakuli limejaa. Chumvi ya jikoni ilikuwa karibu kwisha, kwa hiyo alichota ile ya mawe mawe kwenye gunia la ng'ombe. Niliona akipita jikoni na kuingia stoo. Niliona bakuli. Mimi mwenyewe niliiponda, mimi mwenyewe nilikoroga. Na katika sisi wawili, Mama na mimi, ambao tangu tupate akili tunaita ng'ombe wa Papa kwa kutikisa chumvi ile ile ndani ya beseni ile ile, hakuna aliyefikiri kitu chochote. Tulikuwa tunafikiria ukuta.

Ikashika! Siwezi kusema uongo. Tulipaka ndani, tukapaka na nje kwa sababu ilibaki, na jua lilipotoka kidogo chumba kilikuwa cheupe kama shati la komunio. Papa alikiona kutoka ng'ambo ya bonde akipanda. Alifika akakizunguka, akagusa kwa kidole, akaangalia kidole.

"Haitoke! Nani alijua hii kazi?"

"Mukwe wako," Mama akasema.

"Ah! Kumbe tulioa fundi!"

Mimi nilikuwa na chokaa mpaka ndani ya masikio. Lakini fundi alikuwa yeye. Nilienda kunawa polepole sana, ili nisiwepo wakati wanaendelea kumsifu, na nikanawa karibu na dirisha, ili nisikie.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Tulienda kanisani wote. Tulipokuwa tunarudi, tukiwa bado nyuma ya miti, tulisikia sauti: kwaru, kwaru, kwaru. Kama mtu anapiga randa. Papa akasema ni nani huyo anafanya kazi ya mbao Siku ya Bwana.

Walikuwa ng'ombe. Walikuwa wamevunja ua, wamejipanga mbele ya ukuta wa chumba bega kwa bega, wametulia kama sisi tulivyokuwa tumetulia kwenye mabenchi muda mfupi kabla yake, na wote wanalamba. Ulimi wa ng'ombe si kitu cha mchezo. Pale walipopita mbao zilikuwa zimerudi za kahawia, safi kuliko tulivyozisugua kwa majivu. Midomo yao ilikuwa myeupe. Mtamba mmoja mwekundu alikuwa amesukuma mlango akaingia ndani. Tuliona makalio yake tu na mkia unaopunga kwa raha.

Wifi aliweka mikono kichwani. Na mimi, naandika kilichokuwa moyoni bila kukificha, nilisikia utamu. Nikasema, sasa. Sasa Papa atamjua. Papa ni mtu ambaye ng'ombe akikohoa yeye halali; mtu akiwalisha ng'ombe wake chokaa atasikia maneno ambayo hayajasikika kilimani petu. Niliyangoja maneno hayo kama mtu anayengoja chakula.

Papa alikwenda mpaka kwenye ukuta. Akalamba kidole, akakipitisha kwenye ubao, akaonja.

"Mulitia nini humu?"

Wifi akashusha mikono kutoka kichwani.

"Chumvi, Papa," wifi akasema, sauti imekuwa ndogo.

"Chumvi gani?"

Mama aliangalia mawingu. "Ile... ya gunia."

Papa akakaa juu ya jiwe. Mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka kofia yake ya Jumapili ikaanguka, na ng'ombe mmoja akainusa kama nayo ina chumvi.

"Mulichukua chumvi ya bantu mukaipeleka ku ukuta!" akasema alipopata pumzi. "Bamekuja kuchukua yabo. Hata mi ningekuja!"

Tuliwafukuza, tukawanywesha maji mengi, na Papa akawakagua midomo mmoja mmoja, akaona hawana neno. Na Mama, Mama yangu mwenyewe aliyenizaa, akamshika wifi mkono akamwambia:

"Usilie. Ng'ombe akizaa anafanya je? Si analamba mutoto wake, njo amemujua? Basi bamekujua. Umekuwa wetu."

Hadithi hiyo ilizunguka kilima kabla ya jua kushuka. Watu walikuwa wanapita kusalimu yule bibi-arusi aliyepokelewa na ng'ombe. Wazee walimletea mayai. Nilikaa jikoni namenya viazi, nikamwona paka na mkia wake wa bluu, nikawaza: mbona hakuna aliyesema paka amenipokea? Nimeishi hapa maisha yangu yote. Nimeshika ndama wote wa nyumba hii. Kosa langu lilikuwa kosa, likachekwa, likaisha. Kosa lake lilikuwa baraka. Hata kukosea, alikosea vizuri kuliko mimi.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nimemshikia Papa ndama wakati yeye anakamua. Nilikuwa sijapanga kusema. Maziwa yalikuwa yanapiga ndoo, na maneno yakatoka katikati ya mipigo:

"Papa, ile chumba mi nilikuwa naitaka."

Aliendelea kukamua. "Chumba gani?"

"Ya fromaji. Ya kusukia bantu nywele."

"Tangu lini?"

"Tangu fromaji iliisha."

Mikono yake ikasimama. Papa hasimamishi mikono katikati ya kukamua. Ng'ombe naye aligeuka kumwangalia.

"Na uliambia nani?"

Nilimvuta ndama karibu.

"Ungeambia hata ng'ombe, mutoto wangu. Wao wangeniambia." Alitaka nicheke. Aliponiona sicheki, alifuta mikono kwenye suruali. "Sikia. Siku ile ya mahari kule Pinga, papa yake aliniuliza mbele ya wazee: mashini ya mutoto wangu italala wapi? Nilisema: mu chumba yake, yenye mulango na dirisha. Nilikuwa naona ile chumba mu kichwa nikisema. Mi sikujua kama mule ndani kulikuwa na muntu."

"Haikuwa na muntu," nikasema.

"Ilikuwa na wewe. Lakini neno imetoka, na bantu bameisikia. Nikiirudisha, si mimi tu naanguka. Hata kaka yako."

Nilielewa. Hilo ndilo lililoniuma zaidi: nilielewa. Ningepata kitu cha kumkasirikia ningepata nafuu. Nilishika ndama shingoni, na machozi yangu yakamwingia katika manyoya, na yeye akanilamba mkono. Ndama analamba kila kitu. Sikuhesabu.

Nilipogeuka nikamwona wifi amesimama kwenye mlango wa ua na ndoo tupu. Alichukua maziwa akaenda.

Tulianza ukuta upya, yeye na mimi. Ile chokaa iliyobaki na chumvi yake tuliikwangua yote. Safari hii tulichanganya chokaa mpya na uji mwembamba wa unga wa muhogo, unaoshika kama gundi, na tukapaka ndani tu. Ukuta wa nje tuliuacha na mbao zake, na Papa akapiga nguzo za ua mbele yake. Tulikuwa tunafanya kazi, yeye ukuta huu, mimi ule, mpaka akasema bila kugeuka:

"Nilisikia jana."

"Najua."

"Chumba sikupe, Dada."

Brosi ilinisimama mkononi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa pole, kwa yale maneno matamu ambayo watu wanasema wakiwa hawana nia.

"Sikupe," akasema tena, "juu nikikupa, papa yangu atasema nilifukuzwa, na mi nitakaa kwenu kama mugeni mpaka nazeeka. Iko kitu moja tu yangu hapa. Ingine yote iko yenu. Mama iko yako. Hata bwana yangu alikuwa kaka yako kwanza. Jioni mukiwa jikoni na Mama munacheka, munaongea ile luga yenu ya haraka haraka, mi nakaa kule nasikiliza kama redio ya inchi ingine."

"Njo maana umesimama vile mu mulango kila siku?"

"Sasa nisimame wapi?"

Nilipaka kidogo. Kisha nikasema kitu ambacho sikujua nitakisema: "Mi nakuchukia kidogo."

"Naona. Kikombe unaniletea kama unaleta dawa ya kuhara." Aligeuka, chokaa imemdondokea puani. "Nichukie, lakini unichukie mbele yangu. Ukinichukia kule nyuma ya jikoni sitajua pa kukaa."

Hapo tulicheka, wote wawili, si sana. Wivu haukuondoka. Ulivua viatu tu.

Alijaribu kujikuna kichwa kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa vimejaa uji wa chokaa. Nywele zake zilikuwa bado ni zile walizomsukia harusini kule Pinga. Zilikuwa zimefumuka, zimejaa unga mweupe, zimekakamaa kama kamba ya mbuzi. Tangu alipokuja hakuwa ameniomba nimsuke, nami sikuwa nimejitolea.

"Alinisuka Mama yangu," akasema, akiona ninaangalia. "Naogopa kuifumua. Lakini sasa imekuwa aibu, na kesho kutwa bantu banakuja kuona mashini."

"Nitafumua mimi," nikasema. "Polepole."

Siku ile walipokuja kuona mashini, tulikuwa tumepaka dirisha na mlango kwa bluu iliyobaki kwenye kopo. Mbao zile Papa alikuwa amezibadilisha, zilikuwa mpya, ziliikubali rangi bila maneno. Mashini ilikaa chini ya dirisha, pale pale nilipokuwa nimeweka benchi langu kichwani. Niliangalia mahali hapo kwa muda. Palikuwa pananiuma bado, na ukuta mweupe ulikuwa mzuri kuliko nilivyowahi kuuota, na hilo nalo liliniuma.

Nilimkalisha katikati ya chumba. Nilimfumua, nikamwosha chokaa yote, nikampaka mafuta ya mawese kidogo tu yaliyochanganywa na ya duka, na nikaanza kumsuka mbele ya watu wote waliokuwa wanaingia na kutoka. Si kwa wema. Kwa wema ningemsukia jikoni. Nilitaka kila mwanamke atakayeleta kitambaa chake mle ndani, kabla hajaona mashini, kabla hajaona gauni, aone kichwa. Nilichora njia kama unavyoona mashamba ya viazi ukiwa juu kilimani, zinakwenda, zinapinda, zinakutana nyuma ya sikio. Sijawahi kusuka vile. Mgongo uliniuma na sikusimama. Wifi alisinzia, akaamka, akauliza kama bado, nikamwambia nyamaza. Mama alipita akatazama, akasimama, akasahau alichokuwa amefuata.

Nilipomaliza alikaa kwenye mashini yake kama malkia, akaanza kukanyaga. Mteja wa kwanza alikuwa mama wa makamo kutoka ng'ambo ya bonde, na kitenge kipya chini ya kwapa. Akasalimu. Akakiangalia chumba, akasifu weupe wake. Kisha macho yake yakapanda kwenye kichwa cha wifi yangu na yakakaa pale.

"Hii kichwa ni nani alisuka?"

Wifi alikanyaga mashini kidogo tena, akakata uzi kwa meno, akaangalia mshono wake kama hakusikia. Nilijua ule ukawiaji. Naujua vizuri kuliko mtu yeyote. Na yeye alikuwa anataka mtu aseme neno juu ya mshono kwanza. Tulikaa hivyo, mimi nikiwa nimeshika kichana, yeye ameshika mkasi, wala hakuna aliyetaka kumsaidia mwenzake.

"Huyu," akasema mwishowe, na akanionyesha kwa kidevu. "Wifi yangu. Lakini iko na maringo, umuombe vizuri."

Yule mama akaweka kitenge chake juu ya mashini, akavuta kigoda, akakaa chini mbele yangu, na akaanza kufungua kilemba.